Meza ya hoki ya hewa: usinunue taa, nunua upepo

Naanza kwa kukiri. Mi nimenunua meza ya hoki ya hewa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na ile ya kwanza sasaivi iko gereji, mama watoto anakunjia nguo juu yake. Kwa hiyo usije ukadhani hapa unasoma mtaalamu, unasoma mtu aliyepigwa hela yake akashika adabu.

Kwa wasioijua, ni ile meza ndefu kama ya pool ila nyeupe na inateleza, juu ina vitundu vidogo vidogo kila mahali, ukiwasha umeme upepo unatoka kwenye vile vitundu na kisahani cha plastiki kinaelea juu ya huo upepo, mnasimama wawili huku na huku kila mtu kashika kidude mkononi anagonga kisahani kiingie golini kwa mwenzie. Kile kidude wenyewe wanakiita maleti, wanangu wanakiita kofia kwa sababu kina ukingo mpana na kibonge katikati pa kushikia, na kweli ukikitazama ni kofia kabisa, basi na mi humu nitaandika kofia. Kama umewahi kupeleka watoto kwenye sehemu za michezo ndani ya moli, Dar au Nairobi, huenda ushaiona, ile inayopiga kelele kuliko zote.

Sisi tunaishi Houston, Texas. Watu wa nyumbani wakisikia Marekani wanawaza baridi, aisee, Houston mwezi wa saba na wa nane ni Dar ya Februari, jasho lile lile la kunata, saa nane mchana hata mbwa hatoki nje. Shule zinafungwa kiangazi chote na mi nina vijana wawili ndani, mkubwa miaka 12, mdogo wa kike miaka 9, na usipowatafutia kitu cha kufanya watakaa na simu mpaka macho yatoke. Mwaka juzi likizo ilipoanza tu nikasema liwalo na liwe, nakwenda kununua mchezo mmoja mkubwa uwekwe ndani.

Nikaenda duka kubwa, jina nalihifadhi, nikaona boksi. Kwenye boksi kuna picha ya familia inacheka, meza inawaka taa za bluu pembeni, ubao wa magoli wa umeme, na ukifunga goli inatoa sauti ya mashabiki. Futi 5. Dola 179. Sikuuliza chochote, nikapakia. Mbuzi kwenye gunia ndo huyo, tena gunia lenyewe la karatasi na limechorwa picha.

Kuifunga ilinichukua karibu saa nne na kile kispana cha L wanachokupa, na wiki mbili za mwanzo sikatai, ilikuwa raha. Watoto walisahau simu. Wiki ya tatu nikaanza kuona kisahani kikifika pembe moja karibu na dirisha kinalala. Hakiendi. Ukikisukuma kinakwenda kidogo kinarudi kulala pale pale kama paka aliyepata zulia lake. Nikaweka karatasi chini ya mguu mmoja, nikaweka na kadi ya benki ya zamani, haikusaidia, maana tatizo halikuwa sakafu. Tatizo ubao wenyewe ulikuwa umeshuka katikati, umejikunja. Nikaipindua meza nikaangalia chini, na hapo ndo nikaona kitu ambacho ningetakiwa kukiangalia dukani kabla hata ya kuuliza bei: vifeni viwili, kila kimoja ukubwa wa sahani ya kikombe, vile vile vya kwenye kompyuta, vinatumia adapta ya volti 12 kama ya router ya intaneti. Na ubao wa kuchezea unene wake haukuzidi ule ubao wa nyuma ya kabati la nguo, hauna hata mbao ya kuushikilia katikati. Taa za bluu lakini zilikuwa zinawaka vizuri sana.

Basi ngoja nieleze inavyofanya kazi maana ukishaelewa hili, huhitaji ushauri wa mtu yeyote tena, hata wangu.

Chini ya ule uso wa kuchezea kuna boksi lililozibwa pande zote. Feni inasukuma hewa ndani ya boksi, hewa haina pa kutokea isipokuwa kwenye vitundu, inatoka kwa presha, kisahani kikipita juu kinabebwa na utando mwembamba wa hewa, mwembamba kiasi huwezi kuuona kwa macho. Sasa fikiria, kwa wakati mmoja kisahani kinafunika vitundu vichache tu, vingine vyote vinatoa hewa bure inapotea. Binti yangu alihesabu vitundu vya mstari mmoja kwenye hii meza tuliyonayo sasaivi akazidisha, jibu likapita elfu tatu. Elfu tatu! Hivyo vyote vinalishwa na feni moja, na ile feni inatakiwa iwe na nguvu ya kujaza boksi zima mpaka pembeni kabisa, vinginevyo katikati kisahani kinaruka na kwenye pembe kinakufa. Ukisikia mtu anasema "meza yangu ina pembe zimekufa" ndo maana yake hiyo, feni ndogo au boksi linavuja.

Na hapa kuna kitu wengi wanakosea, hata mi nilikosea. Nilipoona kisahani kinalala nikaagiza kisahani kizuri zaidi, kile kikubwa wanachotumia kwenye mashindano, kipenyo inchi 3 na robo, kizito. Kilipofika kwenye ile meza yangu kikakaa kama kigae. Upepo haukuweza kukinyanyua. Meza ndogo zinakuja na visahani vyepesi vyembamba kwa makusudi, ndo vinavyolingana na feni zao, kwa hiyo ukiona meza inauzwa na kisahani kama kifuniko cha ndoo ya rangi, jua na upepo wake ni wa hivyo hivyo.

Baadaye nilikuja kusoma historia yake nikacheka peke yangu. Mchezo huu uliundwa na mainjinia wa Brunswick, ile kampuni ya Marekani ya meza za pool, walianza 1969 wakiwa wanahangaika tu kutengeneza mchezo kwenye uso usio na msuguano, hata habari ya hoki haikuwepo. Kazi ikalala. Halafu mwenzao mmoja anaitwa Bob Lemieux akaifufua, akaweka magoli na kisahani, ikawa hoki, meza zikaingia sokoni 1972. Yani upepo ndo uliotangulia, hoki ilikuja baadaye, na mi nikaenda dukani nikanunua taa.

Haya, mara ya pili nikaingia kwa akili. Nikaamua sinunui mpya, natafuta kubwa iliyotumika. Ukitaka mpya ya saizi ya kweli, ile ya futi 8 yenye feni ya umeme wa ukutani, bei yake inaanza kwenye maelfu ya dola na mi sina maelfu ya kuchezea kisahani. Lakini Wamarekani wana tabia moja nzuri sana, mtoto akienda chuo baba anataka gereji yake irudi, anauza kila kitu bei ya kutupa mradi uje ukibebe mwenyewe. Hapo ndo pa kuvizia.

Ila kabla ya kuvizia, pima nyumba. Futi 8 ni karibu mita 2 na nusu kwa urefu, upana futi 4, kama mita 1.2. Hiyo ni meza peke yake. Kila upande wa goli anasimama mtu na mtu anarudi nyuma akizuia, kwa hiyo acha mita moja nzima kila upande, na pembeni nusu mita ya kupita na kuokota kisahani kikiruka, na kitaruka. Mi nilichukua tepu ya wapaka rangi nikabandika umbo la meza sakafuni, tukaishi nalo wiki nzima, tunalipita, tunaliruka, mke wangu akasema hapana sebuleni haikai. Akawa mkweli. Tukahamia kile chumba cha kulia cha wageni, nyumba za huku nyingi zinakuwa nacho na hakuna anayekula mle, sisi wenyewe tukipata wageni wengi tunatandika mkeka. Kina futi 12 kwa 15. Kikakubali. Wenzetu wa Minnesota kule wana vyumba vya chini ya ardhi, nafasi kubwa, wanaweka hata mbili. Houston nyumba nyingi zimekaa juu ya zege moja kwa moja, chini hakuna kitu.

Utaniuliza kwa nini sikuweka gereji. Jibu nililipata kwenye meza ya kwanza niliyokwenda kuiangalia. Jamaa alikuwa nayo gereji miaka kadhaa, kwa picha inang'aa, nimefika nikapitisha mkono kwenye ukingo, ubao umevimba kama mkate uliochovywa chai. Hizi mbao nyingi ni MDF, unga wa mbao uliogandishwa na gundi, unyevu ukiingia kwenye ukingo au kwenye vitundu basi hairudi tena. Gereji isiyo na kiyoyozi kwenye mji kama huu, au Tanga, au Mombasa, ni kuiua taratibu. Nikamshukuru mzee nikaondoka. Ya pili ilikuwa nzuri ya uso lakini kuwasha tu ikaanza kulia kama panya, halafu harufu ya kuungua. Mwenye meza anasema "ikipata moto inatulia". Nikasema asante, mi nyumbani nimeiacha ambayo haipati hata moto.

Ya tatu ndo hii. Ilikuwa ya biashara zamani, bado ina pa kutumbukizia sarafu, mwenyewe ameunganisha waya icheze bure. Uso una mikwaruzo, rangi ya pembeni imechubuka, ubao wa magoli wa umeme haufanyi kazi, taa hakuna hata moja. Mke wangu kuiona tu kwenye picha akasema baba Idi umechanganyikiwa.

Nilichofanya pale ni hiki. Kwanza nikaiwasha nikanyamaza, nikasikiliza feni kama unavyosikiliza injini ya gari la mtu, iwe inavuma sauti moja tu, isilie isikwaruze. Nikaiacha ikae inawaka kama dakika 20 tukiwa tunapiga stori, nione kama itabadilika. Halafu nikapitisha kiganja polepole juu ya uso wote, upepo unausikia kabisa, nikalinganisha katikati na pembe zote nne. Nikaweka kisahani katikati bila kukigusa. Kikaanza kwenda taratibu upande wa mlango. Nikamwambia mwenyewe tuigeuze meza kidogo, tukaizungusha, kisahani sasa kikaenda upande mwingine wa meza lakini bado kule kule mlangoni, basi nikajua sakafu ndo imeinama, ubao hauna shida. Kama kingeng'ang'ania pembe ile ile ya meza ningeaga. Miguu mizuri ina nati kubwa za kupandisha na kushusha, nilikuja na pima maji yangu kutoka nyumbani, mzee wa watu akacheka akasema sijawahi kuona mnunuzi anakuja na pima maji. Nikamwambia nimeshasomeshwa ada ya dola 179.

Mwisho nikapiga kisahani kwenye kingo za pembeni. Kingo za aluminiamu kisahani kinarudi kwa kasi na kwa pembe ile ile uliyotegemea, sasa kwenye ile yangu ya kwanza kingo zilikuwa plastiki, unapiga kwa nguvu kinarudi kimechoka. Mchezo wenyewe wote ni kupiga ukutani kumzunguka mtu, bila kingo nzuri mnabaki kusukumiana tu kama mnapeana chumvi.

Alitaka 650. Mi mtu niliyekulia Kariakoo siwezi kulipa bei ya kwanza hata kama naona ni ya haki, nikamwonyesha ubao wa magoli mbovu, nikamwonyesha mikwaruzo, nikasikitika, nikaanza kuelekea mlangoni, tukamalizana 500. Ule ubao wa magoli wala sikuwa na shida nao, tumefunga waya na shanga 7 kila upande, ukifunga unasogeza shanga. Haijawahi kuharibika.

Kuibeba sasa. Hizi za biashara ni nzito, ukiwa na wanaume wawili usijidanganye, na mgongo hauna spea. Nilipata rafiki yangu Mkenya mwenye pikapu na jamaa wawili Wakongo wa Bukavu tunaoswali nao, jumla wanne, tukaitoa miguu, tukailaza ubavu juu ya magodoro. Kilichotuchelewesha wala haikuwa uzito, kila mtu alikuwa anatoa amri kwa Kiswahili chake, Mkenya anaharakisha, Wakongo wanasema "mupole, mupole", mi nalia na mlango. Sentimita mbili. Tulibakiwa na sentimita mbili kwenye fremu ya mlango. Pima mlango, ndugu yangu, na kona ya korido, halafu pima tena.

Kelele ndo kitu ambacho sitakuficha. Inavuma kama jirani anapiga vakyumu chumba cha pili, na juu yake kofia na kisahani vinagongana paa paa paa. Kama unaishi apatimenti ghorofa ya pili achana nayo kabisa, mtafukuzwa. Sisi tumepatana, saa mbili usiku inazimwa.

Sasa kisa cha baba mkwe.

Mwaka jana mzee alikuja kututembelea kutoka Unguja, akakaa miezi miwili. Mzee wetu ni mtu wa keramu, pale barazani kwao kila jioni baada ya alasiri ubao unawekwa, na mkono wake sio wa mchezo. Alipoiona hii meza akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Hii ndo keramu ya Wazungu?" Nikamwambia baba karibia hivyo hivyo. Akashika kofia akapiga mara mbili tatu na feni imezimwa, kisahani hakiendi, akatikisa kichwa. Mi nikaenda kazini.

Nimerudi jioni nimevua viatu nasikia harufu ya poda ya mtoto nyumba nzima. Naingia mle chumbani, meza nyeupe imezidi kuwa nyeupe. Mzee katandaza kopo zima, kaisugua kwa kiganja mpaka imeingia vizuri, kama anavyofanya kwenye keramu yake ili kete ziteleze, kakaa pembeni kwenye kiti anasubiri nimpongeze. Wajukuu wamesimama ukutani wananiangalia nitasema nini. Binti yangu kafunga mdomo kwa mikono miwili.

Utasemaje? Ni baba mkwe. Nikasema "Shikamoo baba, ahsante, umehangaika." Mke wangu jikoni nasikia anacheka mpaka anakohoa. Halafu kabla sijawahi kumzuia kijana akawasha feni.

Ile poda ilipanda darini.

Kazi ya kuitoa ilichukua siku mbili, na kwa sababu hiyo leo naweza kukufundisha usafi wa hii meza kwa uhakika. Unavuta kwanza kwa vakyumu yenye brashi laini huku feni ya meza imezimwa, halafu unawasha feni ili isukume iliyobaki juu, unavuta tena. Kisha kitambaa laini chenye spiriti kidogo, unyevu tu isichuruzike, maji usiyapeleke kabisa kwa sababu ya ile MDF. Vitundu vilivyoziba unavizibua kimoja kimoja kwa biti nyembamba ya drili, ile ncha ya kutobolea, unayoizungusha kwa vidole, sio kwa mashine, ukitumia mashine unapanua kitundu na kupotezea wenzake presha. Sisi tulikaa familia nzima na vijiti, baba mkwe mwenyewe akachukua upande wake akavaa miwani, anazibua anasoma dua. Tulimaliza anajua kila kitundu. Kwa hiyo poda marufuku, nta ya fanicha marufuku, soda juu ya meza marufuku, na mtu asiikalie.

Mengine ni madogo. Kisahani kikidondoka kinapata meno kwenye ukingo na yale meno ndo yanayochora uso, chukua msasa laini uyalainishe. Chini ya kofia kuna felti, ikijaa uchafu inakuwa yenyewe ndo msasa, zinauzwa bei rahisi za kubandika, badilisha. Feni inavuta hewa kutoka chini, kwa hiyo kama unafagia chini ya meza izime kwanza, mi niliweka na kipande cha chujio la kiyoyozi pale inapovutia. Unanunua moja unakata vipande.

Tulipoipata meza nzuri watoto wakaanza kuuliza sheria za kweli. Mashindano ya huku unacheza mpaka magoli 7, kisahani kikiingia upande wako una sekunde 7 za kukitoa, na huruhusiwi kukikandamiza kwa kofia kutoka juu ukilala nacho, ambayo ndo ilikuwa mbinu kuu ya kijana wangu. Houston yenyewe kumbe ni moja ya ngome kubwa za mchezo huu, ndo maana meza kubwa zilizotumika zinapatikana hapa, na kuna watu wazima wenye ndevu wanaoufanyia mazoezi kabisa.

Mdogo wangu yuko Goba, Dar, amejenga, aliona video ya watoto akanitumia voisi ya dakika tano. "Kaka, si unipakie na mi moja kwenye kontena?" Nimeshaulizwa hili na watu wengine pia kwa hiyo naliandika hapa hapa.

Umeme wa Marekani ni volti 120, hertzi 60, yani unakwenda na kurudi mara 60 kwa sekunde. Wa Tanzania ni volti 230, hertzi 50. Watu wanadhani ukinunua transfoma ya kushusha volti basi umemaliza, kumbe transfoma inashusha volti tu, hertzi zinabaki 50 vile vile. Mota nyingi za hizi feni kubwa mwendo wake unafuata hertzi, kwa hiyo ikifika Goba itazunguka polepole kwa kama moja ya sita, na feni ikipungua mwendo kiasi hicho presha yake inashuka zaidi, inabaki kama asilimia 70 ya ilivyokuwa. Umesafirisha meza ya mabingwa, umelipa meli, umelipa ushuru, imefika ina pembe zimekufa, na mota inapata joto juu. Kama ni ndogo ya adapta, angalia adapta imeandikwa 100 mpaka 240, hiyo itafanya kazi popote, lakini ndo zile zile za ubao wa kabati. Kwa mtu wa nyumbani bora atafute meza iliyotengenezwa kwa volti 220 mpaka 240 na hertzi 50, Wachina wanazitengeneza na za Uingereza ni umeme huo huo, amwambie muuzaji amtumie picha ya kile kibati cha mota sio picha ya meza. Na aweke kitu cha kuilinda umeme ukicheza. Umeme ukikatika kabisa, hiyo ni meza ya kukunjia nguo, nimeshakwambia.

Nilimweleza mdogo wangu yote hayo kwa voisi tatu ndefu. Kimya siku nne. Siku ya tano akanitumia picha yuko Keko kwa fundi seremala, kasimama pembeni ya ubao wa mninga unapigwa randa, anasema keramu haina hertzi, yeye kashatoa nusu ya hela, we tuma hela ya poda tu.

Baba mkwe nilipomwonyesha hiyo picha kwenye simu akaivuta karibu akaikuza, akauliza mifuko ya pembeni itakuwa na upana gani.